Kisima cha Chini ya Josho

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Mahindi yetu yalikauka yangali na ndevu changa, serikali ikaleta unga kutoka ng'ambo, wa njano kama bizari, na sisi tuliozoea ugali mweupe tukaula tumefumba macho. Ukiumega unamomonyoka. Ukiuchovya kwenye mlenda unateleza wote, hujui umemeza nini. Tabora nzima, mwenye michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa ndani alionekana tajiri, na akiila na karanga alifunga mlango kwanza. Mkitaka kujua mwaka huo msiniulize tarakimu. Muulizeni mzee yeyote, atawaambia ni ule tuliopelekwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa na unga wa njano ukatufuata hukohuko.

Kazi nilianza kabla ya hapo, na nilistaafu miaka mingi baadaye. Lakini nikiitwa kusema kazi yangu ilikuwa nini, mwaka huo ndio unaokuja mbele.

Ninyi vijana mnaoanza kupima maji, na wewe mjukuu wangu Veronika uliyenisumbua mpaka nikashika kalamu, someni taratibu. Shule yangu ni darasa la pili, halafu kisomo cha watu wazima nikiwa na watoto mgongoni. Msitafute mwandiko. Veronika anacho kifaa kinachosoma rangi chenyewe na kuandika jibu kwenye kioo, na kila anaponionyesha natembea kifua mbele mpaka sokoni. Wenye wajukuu madaktari na wakae, mimi wangu anapima maji wanayotibia nayo.

Niliajiriwa kuosha chupa. Hilo tu. Idara ya maji ilikuwa na maabara ndogo hapo Tabora mjini, chumba kimoja na nusu, na mpimaji aliitwa Bwana Mihambo. Mwembamba, Mmoravian, mwimbaji wa kwaya, na akipima alikuwa akiimba puani. Nikisikia wimbo umekatika najua rangi imetokea. Wengine wote waliniita Mama Sesilia, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Yeye aliniita Dada Nyamizi, jina langu la nyumbani, na hakuna siku aliyonipigia kelele. Namshukuru mpaka leo, na yeye amelala makaburini, Mungu amrehemu.

Alinifundisha hivi: "Dada, chupa ni shahidi. Ukimwosha vibaya atasema uongo mbele ya hakimu na wewe utakuwa umeketi hapo unamsikiliza."

Mwaka mmoja chupa zetu zilichelewa kuja. Nikaenda Kanyenye dukani kwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu ambaye babu zake walitoka Omani wakafuata njia ya misafara mpaka Tabora, wakafika wakachoka wakafungua duka. Nikamwomba chupa tupu. Akanipa zile ndogo za marashi, nzurinzuri, zina vizibo vyake. "Chukua mwanangu," akasema, "maji ya serikali nayo yanukie." Nikazichemsha kwa magadi, nikazisuuza, nikaenda Ipuli kuchota kisimani. Bwana Mihambo akafungua chupa ya kwanza, akanusa, akaifunga. Akafungua ya pili, akanusa, akaifunga.

"Dada Nyamizi," akasema, "Ipuli kuna harusi?"

Kumbe harufu haikai kwenye kioo, inakaa kwenye kizibo. Chukueni hilo. Chupa inaoshwa ikatakata, kizibo hakisahau. Na chupa ikishafika kisimani isuuzeni kwa maji yaleyale mnayokwenda kuyachukua, ndipo mjaze. Bi Zuwena nilipomweleza alicheka mpaka ushungi ukaanguka, akasema basi Ipuli wamlipe, amewatilia halwaridi bure.

Na la hina pia. Nilikwenda kazini nimepakwa hina ya harusi ya jirani. Tulikuwa tunasoma karatasi ya rangi, ile inayogeuka njano. Bwana Mihambo akaniambia niweke mikono mgongoni. Nikadhani nimeadhibiwa.

"Hina yako inang'aa kuliko karatasi," akasema. "Jicho likiona wekundu pembeni, njano inapauka."

"Basi nisijipambe?"

"Jipambe, mumeo asije akanilaumu. Mikono tu iweke nyuma."

Vivyo hivyo msisome rangi mkiwa chini ya mti. Jua la tundu la majani ni la kijani, linadanganya. Simameni kivulini mwa ukuta mweupe, na jua liwe nyuma yenu. Siku hizi mnasema kifaa kinasoma chenyewe. Haya. Siku betri ikifa mtamkumbuka bibi.

Sasa nije kwenye vipimo vya haraka. Zamani, ukishuku maji yana kitu kibaya, unajaza chupa, unaipandisha treni ya Dar es Salaam, unangoja. Jibu likirudi, waliokuwa wanakunywa wamekunywa wakamaliza. Ilikuwa kama kumpelekea barua ya posa mwanamke aliyekwisha kuzaa kwa mwenzio. Kwa hiyo ikaja amri kwamba tujaribu njia za upesi, za kupimia palepale kisimani, tuone ipi inasema kweli. Maji ya kisima kimoja tunayapitisha kwenye kila kipimo, halafu chupa ya maji hayohayo inakwenda Dar, na jibu la Dar ndilo linalomwumbua mwongo. Kazi yetu ikawa kuvipima vipimo.

Njia ya kwanza ilikuwa samaki. Perege wadogo, unawaweka kwenye beseni la maji unayoyashuku, ukiamka asubuhi unaangalia nani yu hai. Dereva wetu Kasanda ndiye aliyepewa kuwalinda, maana yeye analala garini. Sasa kumbukeni ni mwaka gani. Ugali wa njano, na mboga hakuna. Asubuhi Bwana Mihambo anafika, beseni ni maji matupu.

"Kasanda, samaki?"

"Bwana, wamekufa."

"Wamekufa kwa sumu?"

Kasanda akafikiri. "Kwa chumvi na kitunguu, bwana."

Nilikaa chini kwa kucheka. Bwana Mihambo hakucheka, maana maji yale yalikuwa ya kushukiwa, na Kasanda sasa alikuwa amekula shaka yote. Siku nzima akawa anamwangalia. Kasanda akikohoa, Bwana Mihambo anasimama. Kasanda akisinzia, anatikiswa. Jioni akasema kwa unyonge, "Bwana, kama mnanipima, niambieni niache kula." Hakufa. Amezaa na wajukuu anao.

Njia ya pili ilikuwa kisanduku cha betri, kimevaa ngozi kama Biblia ya padri, kina sindano kwenye kioo. Unatumbukiza waya majini, sindano inapanda. Wageni wote walikipenda. Lakini kile kilijua chumvi tu, chumvi iliyoyeyuka. Maji ya magadi yaliyonenepesha ng'ombe miaka na miaka, sindano inaruka mpaka ukingoni na watu wanashika vichwa. Maji laini yenye kitu kibaya kidogo ndani yake, sindano imelala kama mlevi.

Njia ya tatu ndiyo karatasi. Hii ilikuwa ya kuitafuta arseniki, kitu ambacho hakina harufu, hakina ladha, hakina rangi. Unatia maji kwenye kichupa, unatia asidi kidogo na chembe za zinki, yanachemka baridi, yanatoa hewa. Hewa ile inapanda shingoni, inapita kwenye pamba yenye dawa yake, inagonga karatasi juu. Ikiwa hakuna kitu, karatasi inabaki nyeupe. Ikiwa kipo, inakuwa njano, na kikiwa kingi inakwenda kwenye kahawia. Pamba ni ya nini? Maji mengine yana harufu ya yai viza, na harufu hiyo nayo inachafua karatasi. Pamba inaikamata njiani. Aliyesahau pamba asiseme amepima. Na mkae upande upepo unakotoka, hewa ile si ya kunusa.

Juu ya yote, anzeni na maji ya mvua. Bwana Mihambo alikuwa na dumu la maji ya mvua aliloliheshimu kama sadaka. Kabla ya kupima kisima anapima mvua. Mvua ikichafua karatasi, basi mwongo ni karatasi, au ni chupa, au ni mikono yako. Mvua ikitoka nyeupe, ndipo una haki ya kukisema kisima cha watu.

Mwaka huo huo wa ugali wa njano tukatumwa upande wa Choma, huko kwenye mbuga za Igunga, kwenye kijiji kipya nitakachokiita Mwasunga. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka huku na huku, wakapangwa mstari. Majirani hawakujuana, na hakuna aliyejua ardhi ile ilikuwa na historia gani. Maji walifuata mbali, shimo la mbugani, wanachota tope pamoja na ng'ombe. Ndipo serikali ikawachimbia kisima katikati ya kijiji, kwenye bonde dogo, kikafungwa pampu ya mkono iliyopakwa rangi. Bado kufunguliwa tu. Mgeni rasmi alikuwa anangojwa.

Nilifikia kwa mama mmoja, Nkwimba, Msukuma, ana mtoto mchanga mgongoni na ulimi kama wembe. Nilipobisha mlangoni nikamsalimu kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka," akaniangalia viatu kwanza.

"Wewe ndiye wa maji?"

"Ndiye."

"Umekuja kupima nini? Maji hayajaanza kunywewa, yataumwaje?"

Lakini alinipa kitanda chake, akalala chini na mtoto. Alinipikia michembe kwa karanga mwaka ambao mtu angeweza kuificha. Maji ya kunywa alinichotea yale ya tope, akayatuliza, akayachemsha, akayachuja kwa kanga. Niliyanywa na sikuharisha. Vijana, shikeni tofauti hii: maji ya tope yenye wadudu yanasaidiwa na moto. Yenye arseniki hayasaidiwi. Ukiyachemsha yanapungua maji, kile kitu kinabaki palepale.

Tukapima kisima. Kisanduku kwanza, kwa sababu watu walikuwa wamekusanyika. Sindano ikalala. Watu wakapiga makofi. Bwana Mihambo akaenda pembeni na karatasi zake, mimi nikashika kichupa. Mvua ikatoka nyeupe. Kisima kikatoka njano, na tulipokuwa tunaangalia ikawa inakwenda kwenye kahawia. Wimbo wa puani ukakatika. Akabadilisha pamba, akarudia. Kahawia. Akanipa mimi nifanye peke yangu, yeye amegeuka nyuma. Kahawia.

Tukapanda kilima, tukaona. Juu ya bonde, ndani ya vichaka, palikuwa na josho la zamani la ng'ombe, la wakati wa Mwingereza, limebomoka. Enzi zile ng'ombe waliogeshwa kwa arseniki ili kupe wafe. Miaka yote ile mvua ilikuwa inaosha josho na kushuka bondeni. Wachimbaji hawakuwa na kosa kwa kutojua, waliona bonde lina maji. Wafugaji waliolijua josho walikuwa wamehamishiwa vijiji vingine.

Hapo ndipo neno lilipotuangusha. Bwana Mihambo akawaita kina mama, akasema kwa upole wake, "Mama zangu, maji haya msiyanywe kwanza. Yana dawa."

Vigelegele. Nkwimba akanishika bega. "Mmeshatia dawa? Mngesema mapema, tumewadhania wavivu."

Mnaona? Miaka ile mabwana afya walipita vijijini wakitia dawa kwenye visima, wakifundisha kwamba maji yenye dawa ndiyo maji salama. Na kitu cha josho nacho kwa Kiswahili chetu ni dawa, dawa ya josho. Bwana Mihambo akapandisha sauti kidogo: "Si dawa hiyo. Ni dawa ya josho, ya kuua kupe."

Nkwimba akafikiri. "Basi na minyoo itakufa."

Ikambidi alitoe lile neno lingine. "Ni sumu," akasema.

Vigelegele vilikatika, na hakuna aliyekiangalia kisima. Waliangaliana. Kwetu sumu haiji yenyewe, sumu inatiwa na mtu. Halafu nikaona macho yanahama, moja baada ya jingine, yanakwenda nyuma ya umati, yanatua kwa bibi mmoja mjane, Kabula, aliyehamishiwa pale bila ndugu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni mbichi. Yule bibi akaona. Akaanza kujifunga kanga vizuri, kama mtu anayejiandaa kukimbia na hana mbio. Mabibi wa namna hiyo, huko, kwa macho mekundu tu, walikuwa wanaitwa wachawi, wanauawa.

Bwana Mihambo naye akaona. Akasema haraka, "Hapana, nimekosea neno. Si sumu. Nilisema vizuri mwanzo, ni dawa." Umati ukapumua. Jioni akaniambia, "Dada, nikisema dawa wanakunywa. Nikisema sumu wanaua. Sina neno la tatu." Akaona afadhali aende Tabora na Kasanda, chupa ipande treni, na yeye mwenyewe akaombe ufunguzi uahirishwe. Mimi nibaki kijijini, niwazuie kina mama kwa maneno ya kike.

Mwisho wake nitawaambia sasa, msisome kwa wasiwasi. Jibu la Dar lilikuja, likasema kama karatasi ilivyosema. Pampu iling'olewa, kikachimbwa kisima kingine upande wa juu, mbali na josho, na tulipokipima karatasi ilitoka nyeupe kama ya mvua. Bibi Kabula alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na walimlilia. Afisa wa maji wa wilaya, ambaye nitamtaja baadaye kidogo, angeweza kunifukuza kazi na hakunifukuza. Alifungua mpini wa pampu kwa mkono wake, akautia garini, akasema utarudi jibu likirudi. Nasema asante kwake. Nkwimba alininunia msimu mzima. Halafu siku moja kondakta wa basi akanishushia mfuko wa michembe, na ujumbe wa mdomo: "Mwambie yule wa maji ale asife." Bwana Mihambo alinitoa kwenye kuosha chupa akanifanya msaidizi wake, na kwa kazi hiyo nimesomesha watoto wote. Shukrani zangu ni nyingi kuliko karatasi hii.

Lakini siku yenyewe haya yote sikuyajua. Siku yenyewe nilikuwa peke yangu.

Bwana Mihambo hajarudi, asubuhi tunasikia magari. Mgeni rasmi alikuwa na safari nyingine, ufunguzi ukafanywa mapema. Ngoma zikatoka. Kina mama wakajipanga na mitungi na ndoo, Nkwimba wa mbele kabisa, mtoto mgongoni amenyolewa kwa ajili ya sherehe. Afisa wa maji wa wilaya akashuka, mtu mwema, aliyeiombea Mwasunga pampu ile mpaka viongozi wakamchoka. Nikamwendea kabla ya hotuba, nikamweleza karatasi.

"Mama Sesilia, sindano ilisemaje?"

"Sindano ilisema safi, bwana. Sindano inajua chumvi tu."

"Na karatasi iko kwenye majaribio, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi kitu kilicho kwenye majaribio hakiwezi kuwanyima watu maji. Waangalie walivyo." Nikawaangalia. Hakuwa mjinga. Alikuwa na kiu yao moyoni. Mimi sikumzidi akili, ila mimi niliiona karatasi ikigeuka mkononi mwangu na yeye hakuiona.

Hotuba zikaisha. Pampu ikapigwa, maji yakatoka meupe kama jicho la mtoto, watu wakashangilia. Ndipo mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyeitwa Ng'wandu, akainua kata ya kibuyu iliyojaa.

Sasa jueni desturi. Kwetu, Mnyamwezi kwa Msukuma, pombe haianzi kunywewa na mgeni. Mwenye pombe huonja kwanza, mbele za watu, ameze waone koo likishuka. Ndipo mgeni anapokea. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kale kuliko vyote, hata wapagazi wa misafara ya zamani walikitumia kwenye visima vya watu wasiowajua. Na mwenye pombe akikataa kuonja, hakuna anayeuliza jirani gani kafanya nini. Lawama ni ya mwenye pombe.

"Wenye maji ni watu wa maji," Mzee Ng'wandu akasema. "Waonje."

Afisa akanyoosha mkono kwa furaha. Angekunywa, kwa moyo safi. Lakini Nkwimba akapiga kelele kutoka mstarini.

"Wewe hapana, baba, samahani. Wewe una gari, jioni hii uko kwako. Aonje huyu tuliyelala naye."

Wakacheka, wakakubali. Kata ikaja mkononi mwangu. Afisa akaniinamia sikioni: "Funda moja tu, mama. Halitakuua."

Na alisema kweli. Funda moja la maji yale lisingenifanya kitu. Arseniki ile ilikuwa ya kuua polepole, ngozi kwanza, halafu ndani, mwaka hadi mwaka, na kwa mtoto mdogo ni upesi zaidi. Ningekunywa, ningepangusa mdomo, ningepanda gari nirudi Tabora kula ugali wangu wa njano. Funda lile halikuwa langu. Lilikuwa la mwenye kichwa kilichonyolewa pale mgongoni.

Nikafikiri niseme nini. Dawa, watakunywa. Sumu, na bibi Kabula alikuwa amekaa pale, kanga ameifunga tayari.

Nikaimwaga kata chini. Nikasema, "Maji haya siwaonjei."

Mgeni rasmi akamwangalia afisa. Afisa akaniangalia mimi kama mtu aliyepigwa na ndugu yake.

Mzee Ng'wandu akasogea. "Mayu," akaniita, kama mtu anavyomwita mama yake kwetu, "una maana mtu ametia kitu?"

"Hakuna mtu aliyetia kitu, baba. Nauliza hivi: maji ni ya nani?"

"Ya kwenu. Ya watu wa maji."

"Basi mimi ni mwenye nayo. Na maji haya siwaonjei."

Nikaona limemwingia. Macho yao yote yalikuwa kwangu, na hakuna hata moja lililokwenda nyuma ya umati. Waliniona mimi mchawi, nikawaachia wanione.

Nkwimba akatoka mstarini. Akautua mtungi wake miguuni pangu, mtupu. Alikuwa analia kwa hasira, na mtoto naye akaanza.

"Nimekupa kitanda changu," akasema. "Nimekupa michembe yangu. Kesho unataka niende tena mbugani na huyu mgongoni, nikagombane na ng'ombe? Wewe kwako Tabora unafungulia bomba. Sikuombi pampu, sikuombi dawa. Nakuomba funda moja, mwenzangu. Onja, nimpe mwanangu maji."

Akaijaza kata mwenyewe, akanishikisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni wa heshima. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamwangalia usoni, maana alistahili kuangaliwa, nikaimwaga mbele yake yote.

"Maji haya siwaonjei."